Kanuni ya Arubaini na Moja

Saa nane za usiku, Shimanzi, orofa ya pili
juu ya godauni la mchele.
Kiyoyozi chakohoa, nami nanywa kahawa tungu
iliyopoa tangu Nyevu aliponipigia:
"Swabra, mafaili yamebadilika majina. Yote."

Ngome tulikuwa nazo. Tatu, ukitaka kuhesabu.

Ya kwanza ni ya kizamani, naipenda kwa ujinga wake.
Husoma bahasha, haisomi barua:
watoka wapi, waenda wapi, mlango namba ngapi.
Kama askari wa geti la bandarini,
atazamaye namba ya lori na karatasi ya njano,
mkono hewani: pita.
Ndani ya kontena mna sukari, mna matairi, mna nini,
hiyo si kazi yake, wala hakuahidi.
Haisahau, maana haikumbuki.
Kila pakiti kwake ni mgeni wa leo.

Ya pili ina daftari.
Mtu wa ndani akitoka kuuliza, huandika:
kompyuta ya tatu imeuliza bei ya kusafirisha ngozi.
Jibu likirudi hulitambua, hulifungulia.
Ajaye bila kuulizwa hungoja nje mpaka achoke.
Nyanya yangu Kibokoni alikuwa hivyo:
hodi ya aliyemtuma dukani aliijua kwa kikohozi,
nyingine aliiacha igonge,
akaendelea kuchambua mchicha.

Ya tatu hutumwa.
Haikuruhusu uende mwenyewe.
Wewe wabaki ukumbini, yenyewe yaenda sokoni,
yafungua kila furushi, yanusa, yaonja,
ndipo ikuletee.
Muuzaji hakujui sura.
Ni nzuri, na ni nzito. Bwana Lalji alilalamika
kwamba barua zake zamfikia zimechacha.

Basi nikaketi kusoma kumbukumbu za usiku
mstari kwa mstari, kama mtu achaguaye mawe kwenye choroko,
nikimtafuta aliyeruka.
Hakuna aliyeruka.
Nyevu alilia kwenye simu, akidhani ni ile ankara
ya Alhamisi, aliyoifungua kwa haraka
mwanawe akiwa na homa.
Nikamwambia ngoja.

Nikashuka kwenye kanuni za ile ya pili.
Watu husema ukuta. Ukiifungua, utakuta orodha.
Husomwa toka juu kwenda chini,
na kanuni ya kwanza kulingana ndiyo hukumu.
Ya mwisho kabisa husema: kataa wote.
Neno zuri, neno la bawabu,
lisilofikiwa na zamu
ikiwa juu yake mtu ameshasema karibu.

Arubaini na moja:
ruhusu yote, kutoka popote, kwenda seva ya hesabu.
Pembeni, maelezo: kwa muda tu. S.F.

S.F. ni mimi. Swabra Famau.
Mwaka juzi, Ijumaa, fundi wa mizani
alitaka kuingia kwa mbali, yuko Nairobi,
mvua imejaza maji Mwembe Tayari hadi magotini,
nami nawahi feri.
Nikafungua. Nikasema Jumatatu nitafunga.
Jumatatu ngapi zimepita, sitaki kuzihesabu;
mlango wazi haulii bawaba.
Kikulacho, twasema, na hatumalizii.

Nimeifuta saa kumi na dakika sita.
Kidole kimoja.
Chini, mpagazi wa alfajiri agonga lango,
na Dzombo mlinzi, amjuaye miaka kumi na miwili,
amwuliza jina.
Nasikia mpagazi akicheka. Dzombo hacheki.

Simu ya Nyevu yaita mara ya tatu.
Nitamwambia si ankara.
Nitamwambia herufi mbili.